Petroli ya Miwa Si Kitu Kipya: Gari Lako la Zamani, Nduthi ya Jirani na Mpaka Wetu

Ukitaja petroli iliyochanganywa na ethanoli hapa Busia, unapata kambi tatu papo hapo. Kambi ya kwanza inasema injini itaoza. Ya pili inacheka, inasema hiyo ni pombe tu, gari italewa kidogo na kuendelea na safari. Ya tatu haitaki hata kusikia, kwao kila kitu kipya ni njama ya serikali ya kutukamua.

Mimi siko kambi yoyote kati ya hizo. Msimamo wangu ni huu: gari la zamani linaweza kutumia ethanoli kidogo bila shida kubwa, halikuundwa kwa ethanoli nyingi, na hatari kubwa zaidi kwetu watu wa mpakani ni kuuziwa kitu bila kuambiwa ni nini. Na kabla hujaniambia hii ni teknolojia ya juzi, jua kwamba Kenya iliuza mafuta haya miaka 10 mfululizo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Hiyo stori hatufundishwi shule, na inajibu nusu ya maswali.

Kwa nini niongee sasa? Kwa sababu ng'ambo ya pili ya geti wameshaamua. Uganda ina sheria ya nishati ya mimea tangu 2020, na serikali yao ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 petroli ichanganywe na ethanoli, ikianzia asilimia 5. Sheria hiyo inaruhusu kupanda hadi 20. Sasa wewe uko Sofia au Malaba, nduthi inavuka mara nane kwa siku, bei ya kule ikishuka watu wanajaza kule. Unadhani tanki lina pasipoti?

Hapa mafuta hayajawahi kuwa mambo ya mbali

Watu wa Nairobi hukumbuka mafuta bei ikitangazwa tarehe 14. Sisi tunayaona yakipita kila saa. Malori ya mafuta yakipanga foleni Malaba, hayo ndiyo maisha ya Uganda yamesimama barabarani. Meli inashusha Mombasa, bomba linasukuma hadi Nairobi tangu 1978, likaongezwa hadi Eldoret na Kisumu mwaka 1994, kisha malori yanabeba hadi kwetu na kuvuka.

Ndiyo maana kila ugomvi mkubwa wa nchi hizi mbili umenuka petroli. Julai 1976, baada ya uvamizi wa Waisraeli pale Entebbe, Kenya ilibana mafuta ya Uganda na serikali ya Idi Amin ikahema. Enzi hizo ndipo neno magendo lilipopata mwili na nyumba upande huu wa mpaka. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli kwetu, Uganda na Rwanda zilikauka. Januari 2022, madereva wa malori waligoma hapa mpakani kwa sababu ya vipimo vya Korona, na Kampala watu wakanunua petroli kwa bei ya kutisha.

Na tusisahau kwamba boda boda yenyewe ilizaliwa hapa. Baiskeli za kubeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, "border, border", neno likageuka na kuenea Afrika Mashariki nzima. Kwa hivyo mtu akiniambia watu wa Busia hawahitaji kuelewa mafuta, namwambia sisi ndio tulipaswa kuelewa kwanza.

Miaka 10 ya gasoholi

Turudi nyuma. Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ililipuka, na 1979 ikalipuka tena baada ya mapinduzi ya Iran. Nchi isiyo na kisima hata kimoja, kama Kenya ya wakati huo, ilikuwa inamaliza pesa zake za kigeni kununua petroli. Brazil ilikuwa imeonyesha njia Novemba 1975 kwa mpango wake wa Proálcool: chukua miwa, toa pombe, weka kwa gari.

Sisi tulikuwa na miwa. Tulikuwa na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, na viwanda vya Magharibi na Nyanza havikuwa na kazi kubwa nayo. Basi zikaanza ndoto mbili. Moja ilikuwa kiwanda kikubwa cha Kisumu, ambacho kilikwama kabla hakijakamilika, kikakaa miaka mingi kama mifupa ya tembo. Kila ukipanda matatu ya Busia kwenda Kisumu unakipita pale Otonglo. Wengi wanakijua kwa siasa tu, kwa sababu baadaye kilinunuliwa na kampuni ya familia ya Odinga. Lakini kiwanda hicho kilianza kama jibu la bei ya petroli.

Ndoto ya pili ilikuwa Muhoroni, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company. Hiki kilifanya kazi. Mwaka 1983 gasoholi ikaanza kuuzwa Nairobi: asilimia 10 ethanoli, asilimia 65 petroli ya super, na 25 ya regular. Ona ujanja wa huo mchanganyiko. Ethanoli ina oktani ya juu, kwa hivyo ilipandisha kiwango cha ile regular dhaifu na mafuta yote yakafanya kazi ya super.

Sasa jiulize ni magari gani yalikuwa Nairobi mwaka 1983. Peugeot 504. Datsun. Volkswagen za mgongo wa kobe. Corolla za kabureta. Hakuna kompyuta, hakuna sensa, hakuna taa ya njano ya kukuonya. Yalikunywa gasoholi hadi mpango ulipokufa mwaka 1993.

Na kilichoua mpango si injini kuoza. Kiliuawa na hesabu. Mwaka 1986 bei ya mafuta duniani ilianguka, na ethanoli ya Muhoroni ikaonekana ghali mbele ya petroli ya kuagiza. Kampuni za mafuta hazikuupenda mpango tangu mwanzo. Ethanoli yenyewe ilikuwa na wanunuzi wengine waliolipa vizuri, wakiwemo wa nchi jirani. Mwaka 1994 soko la mafuta likafunguliwa, serikali ikaacha kupanga bei, na hakukuwa na mtu wa kulazimisha tena. Serikali ilipojaribu kuirudisha asilimia 10 mwaka 2010, ikianzia Kisumu, haikushika. Mumias wakajenga kiwanda chao cha ethanoli mwaka 2012, na sote tunajua Mumias iliishia wapi.

Kwa hivyo ukikutana na yule wa kambi ya kwanza anayesema kabureta haiwezi kabisa, mwambie kabureta za Nairobi zilifanya hivyo miaka 10. Lakini usimwache hapo, kwa sababu naye ana nusu ya ukweli.

Kile ethanoli inafanya ndani ya gari

Kuna mambo manne, na hakuna hata moja la uchawi.

La kwanza, ethanoli inaosha. Tanki la gari la miaka 25 lina uchafu uliokaa chini kimya kabisa. Ethanoli inauamsha, unasafiri hadi kwa filta, gari linaanza kukohoa. Fundi anasema mafuta mabaya. Ukweli ni kwamba ule uchafu ulikuwa wako tangu zamani. Badilisha filta, mara mbili ikibidi, na mara nyingi shida inaisha.

La pili, inakula aina fulani za mpira na chuma. Mipira ya zamani, koki za gasketi, zinki, shaba nyeupe, alumini isiyokingwa: hivi vinaweza kuvimba, kupasuka au kuoza pole pole. Ethanoli ikiwa asilimia 5 uharibifu ni mdogo. Ikiwa 20 ni jambo lingine. Na mpira uliopasuka karibu na injini moto si hasara ya filta tena, huo ni moto.

La tatu, inabadilisha kipimo cha hewa. Petroli tupu inataka sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya mafuta. Ethanoli tupu inataka 9 tu. Ukichanganya 10, kipimo kinashuka hadi karibu 14.1, na ukichanganya 20 kinafika karibu 13.5. Gari la sindano, lile tunaita EFI, lina sensa na linajirekebisha ndani ya mipaka yake. Kabureta haina macho. Inaendelea kutoa kiasi kile kile, injini inapata mafuta pungufu, inachoma kwa joto kali, asubuhi inagoma kuwaka. Fundi anaweza kubadilisha jeti, ila lazima ajue anarekebishia mafuta gani.

La nne, inapenda maji. Petroli na maji haviongei, lakini ethanoli ni rafiki wa wote wawili. Maji kidogo yakiingia yanayeyuka na kupita bila fujo. Yakizidi, karibu nusu ya asilimia moja kwa mafuta ya ethanoli 10, ghafla kila kitu kinajitenga: ethanoli na maji vinazama chini ya tanki, mahali pale pale pampu inapovuta. Injini inavuta hicho kitu na kuzima katikati ya barabara.

Hili la nne ndilo linanisumbua zaidi hapa kwetu. Petroli ya 1983 ilitoka kwa tanki la chini ya ardhi, ikaingia kwa gari, ikaisha wiki hiyo hiyo. Petroli ya mpakani inasafiri kwa mtungi wa plastiki uliosuuzwa juzi, inavuka kwa njia ya panya, inakaa kibandani chini ya mvua ya Busia, inauzwa kwa chupa. Mafuta ya kawaida yanavumilia maisha hayo. Ya ethanoli hayavumilii.

Gari letu lilizaliwa Japani, na Japani ilishaogopa

Watu wakibishana kuhusu ethanoli huleta mfano wa Brazil, kwamba wale wanachanganya hata asilimia 30 na magari yanaenda. Ni kweli, walifika 30 Agosti 2025. Lakini gari la Brazil lilitengenezwa kwa mafuta ya Brazil. Probox yako haikuzaliwa São Paulo.

Ilizaliwa Japani. Na Japani, kuanzia 1999, kulikuwa na mafuta yaliyoitwa Gaiax yaliyojaa pombe, yakiuzwa bei ya chini. Watu wakakimbilia. Kisha sehemu za alumini kwenye mifumo ya mafuta zikaanza kuoza, na magari mengine yakashika moto. Mwaka 2003 serikali ya Japani ikaweka sheria: ethanoli isizidi asilimia 3. Tatu tu! Hadi 2012 ndipo waliporuhusu 10, tena kwa magari yaliyothibitishwa kwamba yanaweza.

Weka hiyo akilini halafu angalia sheria zetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018, maana yake kabla ya hapo yaliingia ya umri wowote, na mengi bado yako barabarani. Yaani nchi iliyoanza kuchanganya kwanza ndiyo yenye magari yaliyozeeka zaidi. Na gari likiuzwa kule na kuja kulala huku, au la huku likijaza kule, umri wa sheria unakuwa karatasi tu.

Nchi nyingine zilipofika hapo zilichora mstari kwa mwaka wa gari. Marekani iliporuhusu asilimia 15, ilisema ni kwa magari ya 2001 kuja mbele, ya nyuma yasiguse. Uingereza ilipohamia asilimia 10 Septemba 2021, iliacha pampu ya mafuta ya asilimia 5 kwa wenye magari ya zamani. Hakuna aliyesema magari ya zamani yote yatakufa, wala aliyesema yote yatapona. Walisema: soma kwanza, chagua, na hii hapa pampu yako.

Nduthi nazo zina mama yao, ambaye ni India. India imeshafika asilimia 20, na Agosti 2025 wenye magari na pikipiki za zamani huko walipiga kelele sana kwamba mafuta yanaisha haraka na hawana pampu ya kuchagua. Pikipiki mpya za huko zinaundwa kwa hayo mafuta tangu 2023. Boxer ya kabureta ya jirani yangu ni ya kabla ya hapo.

Hesabu ya mfuko

Sasa tuache moto na kutu, tuongee pesa, maana hapa ndipo mtu anaumia kimya kimya. Lita moja ya ethanoli ina karibu theluthi mbili tu ya nguvu ya lita ya petroli. Ukichanganya 5, unapoteza chini ya asilimia 2 ya mwendo. Hutasikia. Ukichanganya 10, kama 3. Ukichanganya 20, karibu 7.

Chukua dereva wa Probox anayechoma lita 15 kwa siku kati ya Busia na Bumala. Kwa asilimia 5 anapoteza robo lita. Kwa 20 anapoteza lita nzima kila siku. Tuseme petroli ni Sh180, afanye kazi siku 26: karibu Sh4,700 kwa mwezi zimeyeyuka bila mtu kumwibia. Hiyo ni karo ya mtoto. Mjomba wangu anaendesha gari kama hilo, na hakuna mwezi anabakiwa na hiyo pesa ya kutupa.

Kwa hivyo mafuta ya ethanoli yasiuzwe bei ile ile ya petroli tupu kwa lita. Mtu akikuuzia gunia la mahindi lenye kilo pungufu, bei ile ile, unaita nini?

Na sisemi ethanoli ni adui. Mkulima wa miwa wa Nambale au Matungu anahitaji soko zaidi ya kilo za sukari zinazocheleweshwa malipo. Dola zinazobaki nyumbani ni zetu. Na kumbuka woga wa mwisho tulioambiwa: petroli yenye risasi ilipoondolewa mwanzoni mwa 2006, watu walisema injini za zamani zitakufa zote. Hazikufa, na watoto waliacha kuvuta sumu barabarani. Woga peke yake si hoja. Lakini kuondoa risasi kulifanywa kwa tarehe moja iliyojulikana, kila pampu, nchi nzima. Hapa tunaenda kupata mafuta mawili tofauti, mita mia mbili kutoka kwa mengine, yenye rangi moja na harufu karibu moja.

Basi tufanye nini

Kwanza, serikali zote mbili ziandike asilimia kwenye pampu, kwa herufi ambazo mtu wa nduthi anasoma akiwa amekalia nduthi. EPRA inajua kuweka alama ya siri kwenye mafuta ili kukamata wanaochanganya na mafuta ya taa na wanaorudisha mafuta ya nje ndani. Kama wanaweza kuandikia maabara, wanaweza kutuandikia sisi pia.

Pili, ikipanda kupita 10, ibaki pampu moja ya mafuta ya kawaida kwa magari ya zamani, hasa miji ya mpakani.

Tatu, usingoje serikali. Chukua chupa nyembamba ya uwazi, weka mililita 10 za maji, ongeza mililita 100 za petroli, tikisa, acha itulie. Kama maji ya chini bado ni 10, hakuna ethanoli. Yakiwa karibu 15, ni kama asilimia 5. Yakiwa karibu 20, ni kama 10, kwa sababu ethanoli imeikimbia petroli na kujiunga na maji. Fanya nje, mbali na moto na sigara, na yale mafuta usiyarudishe kwa tanki. Stage moja ya boda ikiwa na chupa moja, muuzaji wa mtungi ataanza kuheshimu watu.

Nne, kama gari lako au nduthi ni ya kabureta: badilisha mipira ya mafuta iliyokakamaa uweke mipya inayohimili ethanoli, beba filta ya akiba, na usiache mafuta yakae wiki tatu kwa tanki nusu tupu msimu wa mvua. Ukiona 20, pita na uende.

Swali la gari la zamani na ethanoli lilijibiwa barabara za Nairobi kati ya 1983 na 1993, na likajibiwa tena Japani kwa magari yaliyoungua. Majibu hayo mawili hayapingani. Kidogo, kinachojulikana, kilichopimwa, gari linabeba. Kingi na cha gizani kinaunguza. Mafuta ya Uganda yatavuka hata tukifunga macho, kama kahawa ilivyovuka, kama sukari inavyovuka. Mtu wa Malaba ana haki ya kujua anaweka nini kwa tanki lake kabla hajalipa.